Jina la Jirani ni Amana

Sisi tunaoishi Babati tumezoea kusikia habari za miji janja kama habari za mbali. Tunadhani ni mambo ya Dubai na Singapore, au tukisogea karibu sana, ya Dar es Salaam: kamera katika kila kona, kompyuta inayojua foleni iko wapi, taa zinazojiwasha mtu anapopita. Sisi tuna ziwa letu lenye viboko, mlima wetu Kwaraa, stendi yetu na soko letu. Tunajiona tuko salama nje ya mambo hayo.

Lakini tukae chini tuhesabu. Kuanzia Mei 2019 laini za simu zilianza kusajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na tarehe 20 Januari 2020 zile ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Mwaka 2021 kodi ya jengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mita ya umeme ikaunganishwa na habari za nyumba. Februari 2022 Serikali ilizindua operesheni ya anwani za makazi, mitaa ikapata majina na nyumba zikapata namba, huku Bagara, kule Maisaka, na kote nchini. Tarehe 23 Agosti mwaka huohuo ilianza Sensa ya Watu na Makazi, makarani wakabisha hodi wakiwa na vishikwambi mkononi, na taifa likajua kwamba tuko watu 61,741,120. Basi tunalopanda hapa kwenda Arusha au Dodoma lina kifaa kinachopeleka habari za mwendo wake LATRA. Tukituma fedha kwa simu, kumbukumbu inabaki: nani kamtumia nani, kiasi gani, saa ngapi.

Kwa hiyo Babati nayo imekwisha kuingia katika mji janja, hata kama hakuna bango lililoandikwa hivyo. Na Kiswahili chetu kinatuonya kwa neno hilohilo. Mjanja ni mtu mwerevu, anayetafuta njia pale wengine waliposhindwa. Mjanja pia ni yule anayekuuzia ng'ombe mgonjwa huku anacheka nawe. Neno ni moja. Tunaloulizwa kama Wakristo ni hili: taarifa zetu zinapochukuliwa na kutunzwa, tutajuaje ni ujanja upi uliotufikia? Na swali la pili ambalo mara nyingi tunalisahau: sisi wenyewe tunafanya nini na taarifa za wenzetu?

Woga na uzembe

Katika sharika zetu tumekutana na majibu mawili, na yote mawili hayatoshi.

Jibu la kwanza ni woga. Wapo waliokataa au waliosita kutoa alama za vidole kwa sababu walisikia kwamba ndiyo ile chapa ya mnyama iliyotajwa katika Ufunuo sura ya 13. Hatuwacheki watu hao. Wanalichukua Neno la Mungu kwa uzito kuliko wengi wetu. Lakini tunawasihi wasiishie sura ya 13. Wafungue ukurasa wa pili, sura ya 14, wawaone waliosimama pamoja na Mwana-Kondoo, ambao nao wana jina katika vipaji vya nyuso zao, jina lake na jina la Baba yake. Yohana anaandika juu ya ibada: binadamu anamsujudia nani, na anakana nini ili apate mkate. Mtu haangukii upande wa mnyama kwa kuwekewa wino au mwanga kwenye kidole akiwa anatafuta laini ya simu. Na kila aliyebatizwa miongoni mwetu alikwisha kuwekewa ishara ya msalaba usoni na kifuani kabla hajajua kuandika jina lake. Ishara hiyo haifutwi na mashine.

Jibu la pili ni uzembe, nalo limeenea zaidi. Linasema: "Mimi sina cha kuficha. Wachukue tu." Linasikika kama jibu la mtu mwenye dhamiri safi, lakini tulichunguze. Linadhani kwamba siri ni nyumba ya uovu, na kwamba mwema hahitaji mlango. Bwana Yesu hakufundisha hivyo. Katika Mathayo sura ya 6 anatuagiza tusali tukiwa tumefunga mlango, tutoe sadaka bila kupiga tarumbeta, tufunge bila kuwaonyesha watu. Mambo anayotaka yawe sirini ni mambo mema. Anajua kwamba wema nao huharibika ukiwekwa chini ya macho ya watu wakati wote. Mtu anayetazamwa kila saa hujifunza kuigiza. Husema yanayotakiwa, husali ili asikike, hutoa ili aandikwe. Mlango uliofungwa una kazi yake kwa mtu mnyofu pia: humo ndimo anamokuwa mkweli mbele za Mungu.

Tena, anayesema hana cha kuficha husahau kwamba mambo yake hayamhusu yeye peke yake. Tutalirudia hilo baadaye, maana ndilo kiini cha andiko hili.

Kosa la Daudi

Biblia inayo habari ya hesabu iliyogeuka kuwa dhambi. Katika 2 Samweli sura ya 24 mfalme Daudi anamwagiza Yoabu awahesabu watu wote, toka Dani hata Beer-sheba. Yoabu, ambaye si mtu wa kusifiwa kwa utauwa, anashangaa na kuuliza kwa nini bwana wake anataka jambo hilo. Mfalme hasikii. Wanazunguka nchi miezi 9 na siku 20, wanarudi na jibu: mashujaa 800,000 katika Israeli na 500,000 katika Yuda. Ndipo moyo wa Daudi unamchoma. Tauni inakuja, watu 70,000 wanakufa.

Wengi hujiuliza dhambi ilikuwa wapi. Kuhesabu hakukuwa dhambi, kwa maana kitabu kizima cha Hesabu kinaanza kwa Mungu mwenyewe kuagiza watu wahesabiwe, na Bwana wetu alizaliwa Bethlehemu kwa sababu wazazi wake walikwenda kuandikwa. Tukiitazama Kutoka sura ya 30 tunapata mwanga. Pale Mungu aliagiza kwamba watu watakapohesabiwa, kila mmoja atoe nusu shekeli kuwa fidia ya nafsi yake, ili tauni isiwapate kwa sababu ya kuhesabiwa. Tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Sisi tunaisoma fedha ile kama ukiri. Kila anayehesabiwa anatangaza kwamba tayari yeye ni wa Bwana, na anayehesabu anakumbushwa kwamba watu hawa si mali yake. Kwa thamani wote ni sawa, mwenye ng'ombe mia na asiye na kuku.

Katika habari ya Daudi nusu shekeli haitajwi popote. Mfalme aliwatazama watu wa Mungu kama mtu anavyotazama ghala lake. Tunaamini hapo ndipo dhambi ilipokuwa: kumhesabu mtu kana kwamba ni wako.

Basi tunapata kipimo. Si kila anayeandika jina letu ni adui, na si kila kamera ni jicho la Shetani. Kifaa kilicho ndani ya basi kinamfanya dereva aogope kukimbia kwenye miteremko yetu, na mama anarudi nyumbani salama. Sensa inamwezesha mpangaji kujua zahanati ijengwe wapi. Hesabu hizo zinaweza kuwa huduma. Lakini kila hesabu tuiulize swali la Kutoka 30: anayehesabu anajua kwamba sisi si mali yake?

Kilichoandikwa hakikai kilipoandikwa

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni maneno ya madhabahuni tu, na kwamba jina katika daftari halimdhuru yeyote. Majirani zetu wa Rwanda wanatufundisha vinginevyo. Miaka ya 1930 watawala wa Kibelgiji waliwapa Wanyarwanda vitambulisho vilivyotaja kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kwa karani aliyeandika ilikuwa kazi ya ofisi. Vitambulisho vikarithiwa na serikali zilizofuata. Kisha, kati ya Aprili na Julai 1994, vilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja lililoandikwa juu ya kadi likaamua nani apite na nani auawe. Baada ya mauaji yale Rwanda ililiondoa neno hilo katika vitambulisho.

Kadi zetu za taifa hazitaji kabila, na tumshukuru Mungu kwa hilo, hasa sisi wa Manyara, ambako Wairaqw, Wagorowa, Wabarbaig, Warangi, Wambugwe na wengine wengi tunakaa benchi moja kanisani. Lakini funzo linabaki. Taarifa inaishi kuliko nia ya aliyeikusanya. Leo imekusanywa na mtu mwema kwa kazi njema. Kesho ofisi inabadilika, kampuni inauzwa, nywila inaibiwa. Ndiyo maana mwenye hekima hukusanya kile tu anachokihitaji, kwa kazi aliyoitaja, na akimaliza anakifuta.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi kwa miaka. Julai 2023 jijini Nairobi watu walipanga foleni ndefu, wengine katika jengo la KICC, ili mboni za macho yao zipigwe picha na kifaa cha mviringo cha mradi wa Worldcoin. Aliyekubali alipata sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Tarehe 2 Agosti 2023 serikali ya Kenya ilisimamisha zoezi hilo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamuru taarifa zilizokusanywa zifutwe.

Je, wale waliopanga foleni hawakuridhia? Waliridhia. Hata Esau aliridhia alipouza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Alikuwa ametoka porini, amechoka, ana njaa. Maandiko yanamlaumu Esau kwa kuidharau haki yake, lakini nani miongoni mwetu anayeusifu moyo wa Yakobo, aliyemwona ndugu yake ana njaa akafungua biashara? Ridhaa ya mwenye njaa si ridhaa kamili. Nenosiri la benki unaweza kulibadili, laini ya simu unaweza kuitupa. Jicho huna lingine. Anayekuomba kitu usichoweza kukibadilisha maisha yako yote, na anakuomba ukiwa na shida, anapaswa kukueleza polepole, kwa lugha yako, na kukuacha uende nyumbani ukafikiri.

Majina yaliyomo ndani ya simu

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza washarika wetu hapahapa. Miaka ya karibuni imeingia mikopo ya mtandaoni, ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Mtu ana mtoto aliyerudishwa shule au mgonjwa nyumbani. Anapakua programu kwenye simu. Programu inamwomba ruhusa: nisome namba ulizohifadhi, nisome meseji zako, nione picha zako. Anabonyeza "kubali", anabonyeza tena, na fedha inaingia. Siku ya kulipa ikipita, simu zinaanza kulia kwa watu wengine. Mwenyekiti wa kwaya anapokea ujumbe kwamba fulani ni mwizi. Mkwe anapokea. Mwajiri anapokea. Mchungaji naye anapokea. Wengi wetu tumewahi kupokea ujumbe wa namna hiyo kuhusu mtu tunayeshiriki naye meza ya Bwana, na tukabaki tumeshika simu tusijue tufanye nini.

Jambo hili lilikua hadi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza kuzipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Tunashukuru. Lakini programu mpya huzaliwa kila siku, na marufuku haifiki ndani ya moyo wa mtu mwenye shida saa nne usiku.

Tutazame kwa makini nini kilitokea. Yule mkopaji aliweka nini rehani? Hakuweka shamba lake wala pikipiki yake. Aliweka majina yetu. Namba ile alipewa na jirani ili wajuliane hali, waitane msibani, waulizane bei ya mahindi. Ilikuwa amana. Kwa mila zetu amana haiuzwi na haiwekwi rehani, hata kama aliyeiacha yuko mbali na hataona. Mkopeshaji alijua hilo, akamtega mtu kupitia shida yake ili aisaliti amana bila kujua.

Hapa ndipo lile neno "sina cha kuficha" linapovunjika. Inawezekana kweli wewe huna. Lakini ndani ya simu yako mna dada anayeishi na ugonjwa ambao wewe peke yako ndiye uliyeambiwa. Mna mama aliyemkimbia mume mpigaji na ambaye namba yake mpya unayo wewe na watu wawili tu. Mna meseji ya kijana aliyekuomba ushauri juu ya jambo la aibu. Ukiufungua mlango wako kwa mgeni, umemfungulia na vyumba vya watu hao. Wao hawakuulizwa.

Ndiyo maana tunasema kwamba suala la taarifa ni suala la jirani kabla ya kuwa suala la teknolojia. Katika Katekisimo Ndogo tulijifunza kwamba amri ya nane haiishii kwenye ushahidi wa uongo mahakamani. Martin Luther aliieleza kuwa inatukataza kumsaliti jirani na kumharibia jina, na inatuamuru kumtetea, kumnenea mema na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio bora. Jina la mtu liko ndani ya ulinzi wa amri ya Mungu, kama uhai wake ulivyo ndani ya ile ya tano na mali yake ndani ya ile ya saba.

Mwanzo sura ya 9 inatupa picha ya jambo hili. Nuhu amelewa, amelala uchi hemani. Hamu anaona, anatoka nje, anawaambia ndugu zake. Alichosema kilikuwa kweli tupu. Hakutunga kitu. Shemu na Yafethi wanachukua nguo, wanaiweka mabegani, wanaenda kinyumenyume, wanamfunika baba yao bila kumtazama. Ujumbe wa mdaiwa unapoingia katika simu yako, Hamu amesimama nje ya hema anakuita. Unaweza kuusambaza kwa kundi la kwaya ukisema "jamani, mmeona?" Au unaweza kwenda kinyumenyume: uufute, usimweleze mtu, na jioni upite nyumbani kwa yule ndugu uulize hali bila kuutaja, au uutaje kwa upole kama anahitaji msaada.

Na hapo kanisa linaulizwa swali gumu. Kwa nini ndugu huyo alikwenda kukopa kwa mtu asiyemwona, wakati anakaa benchi moja na watu mia tatu? Mara nyingi jibu ni kwamba aliogopa aibu. Aliona ni afadhali mashine ijue shida yake kuliko jumuiya ijue. Ikiwa mshirika anaiamini programu ya simu kuliko sala za jumuiya ya Alhamisi, tuna kazi ya kufanya katika jumuiya zetu, na haitafanywa na Benki Kuu.

Tufanye nini

Nchi yetu imeweka sheria. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, ya familia yake, ya nyumba yake na ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tunayo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Kwa ufupi, sheria hiyo inadai kwamba anayekusanya taarifa zako akwambie anazikusanya kwa kazi gani, asichukue zaidi ya anachohitaji, asizitumie kwa kazi nyingine, azitunze kwa usalama, na akuruhusu kuzisahihisha. Haya ni karibu na yale ambayo mtunza amana mwaminifu angeyafanya hata bila sheria.

Tunawaomba washarika wazoee kuuliza maswali manne kabla ya kutoa jina, namba, picha au kidole. Wewe ni nani? Unataka kwa kazi gani? Nani mwingine ataiona? Nikikataa itakuwaje? Kuuliza si utovu wa adabu. Mtumishi wa kweli hujibu. Tapeli hukasirika au hukuharakisha.

Yapo na mambo madogo ya mikono. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, maana wapo mawakala wasio waaminifu wanaomwambia mzee aweke kidole mara ya pili kwamba ya kwanza haikusoma, kumbe wanasajili laini nyingine. Ukipata ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", itoe taarifa kwa namba 15040 ili asidanganyike mwingine. Programu yoyote ikiomba kusoma namba za watu wako, ikatalie. Kama bila hizo haifanyi kazi, iache. Vijana wawasaidie wazee kufanya haya, tena wawasaidie kwa uaminifu, maana nenosiri la bibi nalo ni amana.

Na nyumbani mwa Bwana tuanze na sisi. Sheria inahesabu kuwa nyeti taarifa za afya, za imani ya dini, za miamala ya fedha na za watoto. Tukitazama kabati la ofisi ya usharika tunaona nini? Kitabu cha ubatizo, orodha ya wanaotoa ahadi, majina ya wagonjwa wa kutembelewa, barua za ndoa zenye migogoro. Karibu kila kitu ni nyeti. Basi kabati lifungwe, na ufunguo ujulikane uko kwa nani. Ahadi ya mshirika isibandikwe ukutani wala kusomwa kwa namna ya kumwaibisha aliyetoa kidogo. Tukumbuke nusu shekeli. Mgonjwa anapoombewa katika kundi la simu, litajwe jina lake kwa idhini yake, na ugonjwa uachwe kwa Mungu, anayeujua. Tunapompelekea mjane unga, kamera ibaki mfukoni. Picha yake akipokea debe, ikisambazwa mtandaoni, itadumu kuliko unga ule, na wajukuu zake wataikuta.

Anayetujua

Msingi wa haya yote si hofu ya kujulikana. Sisi ni watu tunaojulikana. Zaburi ya 139 inakiri kwamba Bwana anajua kuketi kwetu na kuondoka kwetu, na neno kabla halijafika ulimini. Bwana Yesu anasema hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa. Hakuna kompyuta inayofika huko. Hajiri, mjakazi aliyekuwa jangwani na mimba yake, asiye na mtetezi, alimwita Mungu kuwa ni Mungu aonaye, na kwa jina hilo alitiwa nguvu. Kuonwa na Mungu kulimrudishia maisha.

Tofauti iko hapa. Mungu anatujua kwa sababu anatupenda, na alipotujua kabisa hakutuuza, alitukomboa kwa gharama yake mwenyewe. Mchungaji mwema anawaita kondoo wake kwa majina, na jina mdomoni mwake ni njia ya kuwatoa nje waende malishoni. Mashine inaweza kutujua bila kutupenda. Mkopeshaji anaweza kulijua jina ili alitumie kama fimbo. Sisi tuliofahamiwa kwa upendo tumepewa majina ya wenzetu tuyatunze kwa namna ileile tuliyotunzwa.

Juma hili, kila mmoja wetu afungue simu yake na kuyapitia majina yaliyomo, moja baada ya jingine, polepole. Kwa kila jina ajiulize kama analilinda. Panapo la kufuta, lifutwe. Panapo ruhusa ya kuondoa, iondolewe. Panapo mtu wa kumwendea, aendewe. Kisha ayaombee majina hayo mbele zake yeye anayeyajua yote. Bwana atusaidie. Amina.